Mzee Aliyebeti Kiti cha Mkewe

Mnaniudhi. Nasema nyinyi mliosambaza ile rekodi ya redio ya sekunde arobaini, mkaibandika vikatuni vya kucheka, na mwingine sijui nani akaiwekea mdundo wa kuchezea. Tangu Ijumaa simu yangu haipumui. "Huyu mzee ni nani?" "Kweli alimbeti mkewe?" Mmesikiliza sekunde arobaini mkajifanya mahakimu. Kwanza, hakumbeti mkewe. Alibeti kiti. Pili, huyo mzee nakula naye chakula cha jioni siku tano kwa wiki, ndani ya gari lake, huu mwaka wa pili. Kwa hiyo acheni kelele niwaambie.

Anaitwa Verlin Stroud. Ana miaka hamsini na nane. Yuko nami kiwanda cha viti vya ofisi, zamu ya pili, saa tisa alasiri mpaka saa tano usiku. Kazi yake ni kufunga migongo. Kiti kinakuja kwenye mkanda kama kigoda, kinatoka kwake kikiwa kiti. Kwa siku vinapita mikononi mwake mia mbili na ushee, na mameneja wa nchi nzima wanaegemea kazi yake bila kumjua. Kiti kimoja tu kinamnyima usingizi, na hicho hakukitengeneza yeye.

Kiti chenyewe kiko ukumbi wa chuo cha Pruett, safu ya nne, namba kumi na mbili. Namba kumi na moja ni cha Nadine, mkewe. Vyote viwili vilikuwa vya baba yake Nadine, tangu ukumbi unafunguliwa. Huku kwetu Indiana ya kusini tiketi za msimu zinarithiwa kama shamba. Nimeona ndugu wakigawana nyumba kwa amani halafu wakasusiana misiba kwa ajili ya tiketi za mpira wa kikapu. Nadine hakuwa na wa kugombana naye. Akavirithi, na kwenye kile cha pili akamwalika kijana mmoja mrefu aliyekuwa akimtazama kanisani. Uchumba wao ulikuwa pale. Miaka thelathini na tatu iliyopita.

Sasa, mechi za nyumbani ni Alhamisi na Jumamosi. Jumamosi Verlin yupo. Alhamisi zamani alikuwepo pia, alipokuwa zamu ya asubuhi. Miaka miwili iliyopita kiwanda kikapunguza watu, wakamsukuma zamu ya pili. Namba kumi na mbili ikabaki tupu. Nadine akawa anaweka koti lake pale.

Ndipo akashuka Orrin Tackett.

Orrin ni jirani yao, nyumba ya tatu, fundi bomba mstaafu, mgane. Tiketi yake ilikuwa juu kabisa, ukutani, kwenye mabomba ya joto. Nadine akamwonea huruma. Na msiseme alifanya kwa siri, alimuuliza mumewe kwanza. Verlin akajibu, "Sawa tu, mke wangu. Bora mtu kuliko koti." Hayo maneno angeweza kuyanunua tena, angeuza gari.

Hapa lazima nieleze habari ya mapumziko, maana mmoja wenu ameandika eti mzee ni mlevi wa kamari. Mlevi wa kamari yupi anabeti dola tano? Mechi inaanza saa moja jioni. Sisi tunatoka kula saa moja na nusu, dakika thelathini, halafu simu zinarudi kwenye makabati, hakuna redio, hakuna chochote. Maana yake Verlin anapata mwisho wa kipindi cha kwanza tu. Kwake yeye mechi ya Alhamisi inaishia mapumziko. Kwa hiyo anabeti kitu kimoja, nani ataongoza wakienda mapumziko, basi. Tunamtania: "Mzee, mechi haijaisha unasherehekea!" Anajibu, "Kwangu imeisha. Nyie endeleeni."

Na anajua, msimdharau. Anajua timu ipi imekaa kwenye basi saa sita na miguu itakuwa mizito. Anajua kocha yupi anaficha wachezaji wake wazuri mpaka kipindi cha pili. Msimu huu aliweka mikeka kumi na tisa, iliyochanika ni mitano. Ndiyo sifa yake mjini. Watu wanamsimamisha dukani: "Verlin, mapumziko leo vipi?" Hana sifa nyingine. Nani anamsifu mtu kwa kufunga mgongo wa kiti?

Wivu uliingia kwa redio. Vile viti viko mara tu nyuma ya meza ya mtangazaji, na maikrofoni yake inazoa kila kitu. Mwanzoni Verlin alifurahi. Nadine akipiga kelele, "Refa, vaa miwani!", anageuka kwangu na kifua kimejaa. "Huyo wangu." Halafu ikaanza kusikika sauti ya pili. Kwanza kikohozi. Halafu kicheko cha kiume. Halafu jioni moja ya Desemba, likaja jambo lenyewe.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nini?"

"Amecheka."

"Mzee, watu wanacheka."

"Nimemwoa huyu miaka thelathini na moja. Kicheko kile cha kuanzia juu kikateremka, mimi nakipata mara mbili kwa mwaka, na moja ni Krismasi. Kamwambia nini huyu mtu wa vyoo?"

Mkate wake wa nyama ukarudi kwenye kopo hata haujaumwa.

Toka siku hiyo akawa anahesabu. Orrin alinunua mito miwili ya kukalia, rangi za timu, akamwachia Nadine wa kwake. Ule wa namba kumi na mbili ukawa unabaki pale pale, na Jumamosi Verlin anaukuta. Akaniambia kwa uso wa mtu aliyeona nyoka: "Una bonde. Bonde la makalio siyo yangu." Maharagwe ya nyama na pilipili ya Nadine, ambayo mimi binafsi ningetembea kwa miguu kuyafuata, Alhamisi yanakwenda ukumbini kwenye chupa ya kuhifadhi joto. Verlin anapelekewa makoko Ijumaa. Na mezani nyumbani limeingia neno jipya: "Orrin anasema." Orrin anasema vijana hawakabi. Orrin anasema itaganda barabarani.

Yote hayo aliyameza. Lililomkaba ni hili: Orrin naye akaanza kubeti mapumziko. Akapata mara nne mfululizo. Na Nadine, bila ubaya wowote, akimenya viazi, akasema, "Orrin ana jicho, we! Sijui anayaonaje."

Verlin akaniambia, "Amsifie urefu. Amsifie nywele, bado anazo. Kwa nini amsifie kwa kitu changu?"

Kweli, kwa nini?

Jumamosi asubuhi wazee wa hapa wanakaa kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta, wanakula mikate midogo laini iliyomwagiwa mchuzi mweupe wa soseji, wanabishana. Nami nilikuwepo. Orrin akamwaga pilipili manga kwenye sahani yake, akasema taratibu kama anasema kesho kuna mvua:

"Alhamisi wageni wanaongoza mapumziko."

Wageni wenyewe ni Wexham. Timu yetu inaitwa Wakata Mawe. Wexham walikuwa wamepigwa mara saba ugenini msimu huu.

Verlin akaweka uma chini. "Wexham? Fundi, umevuta gesi ya bomba?"

"Nasema tu, jirani."

"Wakata Mawe wanaongoza. Kwa nane."

"Weka basi."

"Dola ngapi?"

"Mi na we tuna dola gani, bwana? Weka kitu chenye maana."

"Kiti," Verlin akasema.

Meza nzima ikaacha kutafuna.

"Kiti gani?"

"Usijitoe ufahamu. Wakata Mawe wakiongoza, unapanda kule juu kwenye mabomba yako. Msimu ujao wote."

Orrin akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari wala maziwa. "Na wageni wakiongoza?"

"Alhamisi ni zako. Sitauliza tena."

"Nadine anajua?"

"Kwani Nadine ndo anabeti?"

Wakapeana mikono. Mimi nikakaa kimya nakula, kwa sababu nilitaka kuona itakuwaje. Na mimi nijumlisheni kwenye wajinga.

Ila kuna kitu. Ile Alhamisi ilikuwa mechi ya kuwaaga wanafunzi wa mwaka wa nne. Kila mtu huku anajua maana yake. Kabla ya mechi mama zao wanaingia uwanjani, wanapewa maua, ukumbi mzima unalia. Halafu kocha anaanza na wale wale wanaoondoka, wote, hata ambaye kwa miaka minne kazi yake ilikuwa kugawa taulo na kupiga makofi. Ni heshima. Na kwa dakika kadhaa heshima inapigwa kama ngoma, wageni wanakimbia na pointi, mpaka kocha akishafuta machozi ndo anaingiza timu. Mara nyingi tunashinda mwishoni. Lakini mapumziko? Mechi ya kuwaaga usiguse mapumziko ya nyumbani. Hata mtoto wa chekechea anajua. Aliyenifundisha mimi ni Verlin.

Kila mwaka mechi hiyo ni Jumamosi. Mwaka huu ratiba ilisogezwa Alhamisi, tangu Januari. Karatasi zilibandikwa kila dirisha la mji. Nadine mwenyewe alimwambia, "Alhamisi nitalia mie, wale watoto." Verlin akajibu, "Mm." Akisikia Alhamisi, haisikii sentensi iliyobaki. Anasikia kiti.

Basi Alhamisi ikafika. Saa moja na nusu tukakimbilia kwenye gari, baridi ya kukata masikio. Akawasha redio kabla hajafunga mlango.

"...kwa mnaojiunga nasi," mtangazaji anasema, "wahitimu wetu walipata maua yao, na Wexham wakaanza kwa pointi kumi na tano kwa mbili..."

Verlin akabaki na mkono kwenye redio. "Wahitimu?"

"Si ndiyo ya kuwaaga leo."

"Ya kuwaaga Jumamosi."

"Ilisogezwa, mzee. Tangu Januari."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua! Nilidhani una hesabu zako, wewe ndiye Verlin!"

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikaa akitazama kioo kinavyoingia ukungu, na nyuma ya mtangazaji Nadine akapaza, "Refa, vaa miwani!", na baada yake kikohozi cha fundi bomba, kikavu, cha mtu aliyekaa vizuri.

"Amenipata," Verlin akasema. "Ameketi kwenye kiti changu, na mkeka wangu kauchana, na maharagwe anakula."

Lakini timu ilikuwa imeshaingia, na ikaanza kurudi. Ishirini na tisa kwa ishirini. Thelathini na moja kwa ishirini na sita. Verlin akasogea mbele ya kiti. Thelathini na moja kwa ishirini na nane. Zimebaki sekunde tisa. Hapo mchezaji wetu mzuri akapata faulo ya tatu, kocha akamtoa, na kwa sababu ni siku yao akamrudisha mmoja wa wanaoagwa. Boyd Harshbarger.

"Siyo Boyd!" Verlin akaipigia redio kelele. "Mtoe Boyd! Huyo hata karatasi hawezi kutupa kwenye pipa!"

Boyd kwa miaka minne alikuwa na pointi sita. Mpira ukazunguka, wote wakabanwa, ukamfikia yeye kwenye kona maana hakuna aliyehangaika kumkaba. Sekunde moja. Akatupa.

Sikusikia mtangazaji. Nilisikia ukumbi umepasuka. Pointi tatu.

Verlin akalala kwenye honi. "Boyd! Mwanangu Boyd! Nilisema mimi!" Ananipiga bega, analia kabisa, mzee mzima. Halafu mkono ukasimama hewani.

"Sasa nani anaongoza?"

"Hakuna. Thelathini na moja kwa thelathini na moja."

"Lazima yupo."

"Sare, mzee."

Akatoa simu akafungua ukurasa wa beti. Wa nyumbani, wageni, na chini yake kimstari cha tatu: sare. Mikeka yote hiyo msimu mzima na hakuwahi kukiona. Si yeye wala Orrin aliyefikiria wanaume ishirini na wanne wanaweza kuhangaika dakika ishirini wasipate wa kuongoza.

"Kwa hiyo kiti ni cha nani?" akauliza.

Kabla sijajibu ameshapiga. Na sasa ndiyo mnafika kwenye rekodi yenu. Orrin alipokea, kelele zilikuwa nyingi, akaweka sauti ya nje. Verlin hakujua.

"Orrin! Hakuna anayeongoza! Umekosa! Panda juu!"

"Nimekosa, na we umekosa, jirani."

"Nyumbani hawajaachwa! Kiti changu!"

"Tulisema waongoze. Wameongoza?"

"Kiti gani?" Hiyo ni Nadine.

Kabla hajajibiwa, redio yetu, ambayo inachelewa sekunde kadhaa, ikaanza. Mtangazaji anasoma tangazo la matairi, na nyuma yake Verlin anabweka: "Orrin! Hakuna anayeongoza!" Verlin akaitazama redio kama imemng'ata.

"Nimeuliza, kiti gani?"

"Hiki, Nadine," Orrin akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. "Tulibetiana."

"Mmebeti kiti cha baba yangu?"

"Cha pili tu!" Verlin akasema.

Cha pili tu. Najua, mmeshaandika kwenye fulana. Mtangazaji akaacha matairi. Wilaya nzima ikamsikia Nadine: "Verlin Stroud, unakaa hapa kwa sababu nilikualika. Orrin anakaa hapa kwa sababu nilimwalika. Hakuna kati yenu mwenye kiti!" Na hapo mtangazaji akaweka muziki.

Rekodi yenu inaishia hapo. Ya kwangu haikuishia.

Nadine aliichukua ile simu, akazima sauti ya nje, akatoka nje ya ukumbi. Verlin akaibana simu sikioni, mimi nikawa nasikia upande mmoja tu. "Ndiyo." "Hapana." "Sikuwa najua ni ya kuwaaga." Halafu: "Kwa sababu unacheka naye."

Upande wa pili Verlin alinisimulia kesho yake, macho yakiwa kwenye kopo la chakula. Nadine alimuuliza amejuaje kama anacheka. Akasema, redioni. Nadine akasema, "Na unafikiri nampigia nani kelele? Yule refa mwaka wa ishirini huu hanisikii, na miwani hajavaa. Napiga kelele kwenye maikrofoni, Verlin. Saa moja na nusu naanza. Najua uko kwenye gari."

Verlin akauliza swali lililomkaa kooni tangu Desemba. "Siku ile ulicheka vile, alikwambia nini?"

"Aliniambia, 'Sasa hivi mumeo anatutukana kwenye gari.'"

Ndiyo hicho kilikuwa kichekesho. Na kilikuwa kweli.

Uamuzi wa Nadine ni huu. Msimu ujao, Alhamisi, namba kumi na mbili itakaa koti lake. Si Orrin, si mtu yeyote, mpaka Verlin aje akikalie mwenyewe. Orrin hakubisha. Jumamosi alileta ule mto mlangoni, akamkabidhi Verlin, akasema, "Kule juu hakuna hata wa kukohoa naye, jirani. Ndiyo maana." Sasa ameomba kiti safu ya tano, nyuma yao. Verlin akampa mkono, akampa na bakuli la maharagwe.

Msidhani wivu umeisha. Ndugu zangu, wivu hauishi kwa hotuba. Jana tunakula, akaniuliza, "Safu ya tano, mtu akiinama mbele, si anafika sikioni?" Halafu akauliza kama lile koti ni lile la zamani au jipya, na jipya nani alikuwa naye akilinunua.

Matokeo ya mwisho, kwa wanaouliza: Wakata Mawe walishinda kwa kumi na moja. Verlin hakuuliza mpaka Jumamosi.

Sasa nisikilizeni, maana sikuandika haya yote ili mcheke vizuri zaidi. Kiwandani mtu anaruhusiwa kubadilishana zamu siku moja ya wiki, mradi wawili wakubaliane na msimamizi asaini. Verlin hawezi kuomba. Hawezi kabisa, na sasa ndiyo hataweza, kila akipita mtu anamwambia "cha pili tu." Hajui kwamba naandika hivi, na akijua atanitoa kwenye gari. Najua wa zamu ya asubuhi mnanisoma, maana ndio mlioanza kusambaza. Ni Alhamisi nane tu, Novemba mpaka Februari. Kufunga migongo si kazi ngumu, nitakuonyesha mwenyewe. Kama wewe ni wa zamu ya asubuhi na una Alhamisi za kutoa, niandikie leo. Mimi, siyo yeye.